Gari liishie kwenye mivinje: majibu ya barua zenu kuhusu magari ufukweni

Tangu Idi ipite barua nyingi zinazoingia kwenye safu hii ni za jambo moja, magari bichi. Wengine wanalalamika magari yanawafuata mpaka kwenye mkeka, wengine wanalalamika njia imefungwa hawafiki majini hata kwa miguu. Mwanzo nilidhani ni makundi mawili yanayovutana, ila nilivyozidi kusoma nikaona ni kilio kimoja, mchanga ni wa wote na kuna mtu amejichukulia, huyu kwa ukuta, yule kwa tairi. Mimi nimekulia Kunduchi, baba alikuwa mvuvi, hii kitu inaniuma kwakweli, kwahiyo mwezi huu nafasi yote nimewapa nyie. Barua ndefu nimezifupisha kidogo, majina nimeyaacha.

Dada, hongera kwa kazi. Jumapili tulienda bichi huku Kigamboni na watoto, tumekaa vizuri tu mara vijana wakashusha Noah mpaka karibu na maji, wakafungua milango wakawasha mziki, alafu wakaanza kuzungusha gari pale mchangani watu wanashangilia. Mume wangu kawafuata kuwaambia, wakamjibu bichi ni ya wote hata gari inaruhusiwa. Hivi ni kweli? Sikujua nijibu nini. – Mama wa wawili, Kigamboni

Mama pole sana, na mwambie baba watoto alifanya vizuri kuwafuata. Hilo neno bichi ni ya wote ni la kweli ila hao vijana wamelishika kwa upande usio wake. Kwa sababu ni ya wote ndo maana hakuna mmoja anayeruhusiwa kuitumia kwa namna inayowafukuza wenzie, na gari linalozunguka mchangani linafukuza kila mtu, mtoto, mzee, anayeogelea, mama wa mihogo, wote wanasogea.

Kisheria Tanzania tuna ule ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni. Umetajwa kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999 na tena kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na hii ya pili haikatazi majengo ya kudumu peke yake, inakataza pia shughuli ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ufukwe. Watu wengi wakisikia mita 60 wanawaza kuta za mahoteli tu, hapana, hiyo sehemu ya pili inasahauliwa sana. Siku nyingine ikitokea msigombane, piga picha namba ya gari na pale lilipo, peleka serikali ya mtaa na kituo cha polisi, na kama eneo lina uongozi wa ufukwe au BMU, kile kikundi cha wavuvi na wakazi kinachosimamia ufukwe, wape na wao. Picha yenye namba inasikilizwa kuliko maneno.

Lakini mimi sheria siyo inayonitisha zaidi. Mwaka juzi nilikuwa bichi moja hukohuko upande wenu, watoto wanafanya ule mchezo wa kufukiana, mmoja amelala chali amefunikwa mchanga mpaka kifuani anacheka, na pikapu moja inarudi nyuma taratibu kushusha maspika. Dereva anaangalia kioo, kioo kinamuonyesha bahari. Mama mmoja muuza mihogo aliruka akapiga bodi ya gari kwa sinia lake mara tatu kwa nguvu zote, mihogo ikamwagika yote, gari likasimama. Nilipima kwa hatua zangu, zilikuwa nne kutoka tairi mpaka kichwa cha yule mtoto. Dereva alishuka akakaa chini mchangani akashika kichwa, hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuwa mahali ambapo gari halitakiwi kuwepo basi. Barabarani mtoto anajua kuogopa, mchangani ameambiwa acheze. Mawimbi yanameza mlio wa injini, mtu aliyelala kwenye mkeka yuko chini ya boneti haonekani, na tairi likipita kwenye mchanga halipigi kelele ya kukushtua. Kwahiyo jibu lako mama ni hapana, na mkiulizwa kwa nini waambieni hayo.

Mambo vipi dada, mi niulize fasta, gari yangu ilikwama mchangani maji yanajaa nikalipa vijana elfu sitini kunitoa. Kuna namna ya kujitoa mwenyewe? – Kijana, Tegeta

Poa mdogo wangu, namna ipo, ila ujue kabisa unaongea na mtu ambaye angependa usishuke.

Gari likianza kuzama ondoa mguu kwenye mafuta hapohapo, ukikanyaga unachimba kaburi la tairi mpaka chasisi ikalie mchanga na hapo ndo inakuwa kazi ya vijana kumi. Shusha watu wote, nyoosha usukani, fukua mchanga mbele ya matairi yote manne kwa mkono au kwa sahani, punguza upepo mpaka kama PSI 16 au 18 hivi ili tairi litambae pana, alafu weka kitu kigumu mbele ya matairi yanayovuta, karpeti za gari, mabua ya makuti, vipande vya mbao, chochote, kisha toka taratibu kwa gia ndogo bila kusimama mpaka ufike pagumu. Kama mnavuta kwa kamba basi mtu asisimame karibu na hiyo kamba, ikikatika inarudi kama mjeledi. Ukishatoka ujaze upepo kabla hujagusa lami, na siku hiyohiyo osha chini ya gari kwa maji baridi ya bomba, siyo kesho, maana chumvi inaanza na breki na beringi.

Sasa maji. Pwani yetu wakati wa bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa inazidi mita tatu, na yanatumia kama saa sita tu kupanda yote hayo, na kasi yenyewe ni kubwa pale katikati, saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kupanda. Ufukwe wetu umelala, mita tatu za kwenda juu ni makumi ya mita za kuja kwako. Kijana anapaki saa nane mchanga mkavu mgumu kabisa, saa kumi na moja anatafuta gari. Ukiona maji yamefika kwenye rimu na bado umekwama chomoa betri, chukua vitu vyako, okoa watu, gari liache.

Assalaam aleykum dadangu. Sisi ni wavuvi huku Kwale, twashuka baharini kwa njia moja tangu enzi za babu zetu, pikapu ilikuwa yafika karibu na bandari yachukua samaki. Mwaka jana ploti ikauzwa, mwenyewe mpya akajenga ukuta akaweka geti, saa hii mlinzi atwambia tuzunguke kwa mbali, kama kilomita mbili, mashine za boti twabeba mabegani. Vijana wanataka kubomoa ukuta usiku. Tufanyeje? – Mvuvi, Kwale

Wa aleykum salaam ndugu yangu. Kwanza wazuie hao vijana, wazuie leo. Ukuta ukibomolewa usiku kesi itakuwa ya ukuta, na habari ya njia haitasikika tena.

Nakuelewa sana kuhusu mashine, baba yangu alikuwa anabeba ya kwake na bega moja lilikuwa limeshuka kuliko lingine mpaka anaingia kaburini. Na siyo mashine tu, kilomita mbili na tenga la samaki juani barafu inakwisha njiani, ukifika barabarani mchuuzi anabonyeza samaki kwa kidole anakupangia bei ya samaki wa jana.

Sasa sikiliza vizuri kwa sababu hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni mchanga wenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hapo hakuna mjadala, hakuna hati ya mtu inayofika pale, mkitembea mbele ya ukuta wake kando ya maji hamjaingia kwake. La pili ni njia ya kufikia huo mchanga, na hii haiji yenyewe kwa sababu mchanga ni wa umma, mnaweza kuwa na bahari yenu na msiwe na mlango. Njia lazima iwe kwenye ramani, au iombwe, au ithibitishwe kwamba imetumika.

Kwahiyo anzeni na ramani. Nendeni ofisi ya upimaji mkatafute ramani ya eneo, ile inayoonyesha ploti na namba zake, mkilipie nakala iliyogongwa muhuri. Tazameni kati ya ploti na ploti kama kuna kipande chembamba kinachoshuka mpaka baharini hakina namba, hicho ndicho akses, na kama kipo na ukuta umekaa juu yake basi mmeshamaliza nusu ya kazi, mnapeleka Tume ya Taifa ya Ardhi na kaunti mkiwa na karatasi mkononi. Kama hakipo kwenye ramani msikate tamaa. Sheria ya Ardhi ya 2012 ina kitu kinaitwa haki ya njia ya jamii, inaombwa kwa Tume hiyohiyo. Na sheria za Kenya pia zinatambua njia iliyotumika wazi bila kukatizwa miaka 20, kwahiyo wale wazee wenu waliopita pale tangu wadogo wakae na wakili waandikishe viapo vyao mapema, kila mmoja aseme alianza kupita lini, akibeba nini, nani alimuona. Mzee akifariki na ushahidi wake umeenda. Fanyeni kupitia BMU yenu, siyo mtu mmojammoja, barua yenye muhuri na sahihi za wanachama haitupwi kirahisi. Mkikwama huko kote kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Na mkikaa mezani na huyo jirani, msiende na neno moja tu la fungua. Mwambieni mnataka nini hasa. Njia ya miguu saa 24 maana bahari haina saa za ofisi, na pikapu moja ya samaki kwa zile saa boti zinapoingia. Pikapu iishie juu pale pagumu, samaki washushwe kwa toroli. Ukimpunguzia mtu hofu ya magari 50 ya wikiendi mbele ya dirisha lake unaweza kushangaa akikubali, nimeona ikitokea.

Habari dada, nina eneo dogo karibu na ufukwe Bagamoyo, nimeweka mabanda ya makuti nauza chakula na vinywaji. Wikiendi magari yanajaa yanapita mbele ya wateja wangu mpaka majini. Nataka kuweka kamba mchangani na kutoza shilingi 5,000 kwa kila anayepita, ni sawa? Na paking niipange vipi? – Mwenye mabanda, Bagamoyo

Kaka yangu nakushukuru umeuliza kabla ya kufunga kamba. Kutoza 5,000 kwa gari linalopaki ndani ya eneo lako ni biashara yako, kaongee na halmashauri kuhusu leseni, weka bango la bei mlangoni mtu aione kabla hajaingia, toa risiti. Lakini kutoza mtu anayetembea mchangani kando ya maji hapana, ule mchanga hujaununua. Ukifunga kamba mpaka majini utakuwa umefanya kilekile ninachokikemea kwa yule jirani wa Kwale. Kamba ya kuzuia magari ni jambo jingine, na hiyo nakusapoti kwa moyo wote, ila usiifunge peke yako kimyakimya, kaa na serikali ya kijiji au mtaa, wavuvi na majirani mkubaliane, muhtasari uandikwe, alafu muiweke kwa pamoja.

Namna ya kupanga, hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona watu wakitumia hela nyingi vibaya.

Simama ufukweni ugeuke uangalie nchi kavu. Utaona mchanga mweupe, alafu yale majani yanayotambaa yenye maua ya zambarau, wazee wanayaita mlakasa, alafu vichaka, alafu mivinje. Huo mlakasa ndo unaoshika mchanga usipeperuke na usichukuliwe na mawimbi, mizizi yake inakwenda mbali kuliko unavyodhani, na hauvumilii tairi. Gari likipita njia ileile wiki chache tu unabaki ufa mtupu, upepo unaingia hapo, na bamvua kubwa likija maji yanatumia huohuo mlango ulioufungua wewe kuingia kwenye mabanda yako. Kwahiyo mstari wako wa kusimamisha magari usiwe mchangani, uwe nyuma ya mivinje, gari likae kivulini pale ardhi ngumu na mtu amalizie hatua zake kwa miguu. Kwanza mteja akitoka gari lake siyo tanuri.

Kizuizi kisiwe ukuta. Tumia nguzo fupi za mnazi zifukiwe vizuri, urefu wa kiuno, na usikate mikoko kwa kazi hii, mikoko inalindwa na kuna adhabu. Kati ya nguzo na nguzo acha mita moja hivi, hapo mtu anapita, mama na mtoto mgongoni anapita, kiti cha magurudumu kinapita, gari halipiti na bajaji haipiti. Bodaboda itapenya, kwahiyo kwenye njia yenyewe ya miguu panga vizuizi viwili vya kupishana ili mtu azunguke kama anakata kona mbili, kiti cha magurudumu kipewe nafasi ya kugeuka, pikipiki iliyowashwa itachoka yenyewe. Ukiweza tandika mbao kutoka paking mpaka mchanga mgumu, bibi yangu alikaa miaka hajagusa maji ya bahari aliyozaliwa pembeni yake kwa sababu hakuna aliyekumbuka miguu yake haiwezi mchanga tifutifu.

Acha mlango mmoja wa gari, mmoja tu, upana wa mita nne hivi, uwe na nguzo ya kung'olewa yenye kufuli. Huo ni wa gari la wagonjwa, wa zimamoto na wa boti inaposhushwa au kupandishwa. Na funguo, naomba sana hili, funguo zisiwe na wewe tu ambaye Jumapili saa kumi uko jikoni au umeenda mjini kununua mkaa. Ziwe mbili, moja kwa mlinzi wa pale pale, nyingine kwa BMU au mwenyekiti, na mbele ya huo mlango kusipakiwe hata dakika tano. Mtu aliyezama akitolewa majini dakika zinahesabika, mkianza kutafuta mwenye funguo mmempoteza.

Alafu hesabu nafasi zako. Kama yanaingia magari 30 basi la 31 lizuiwe juu barabarani kabla halijashuka, siyo lije ligeuzie mchangani kwa kukosa pa kwenda, magari mengi yanafika kwenye maji kwa staili hiyo, wala dereva hakukusudia. Weka kijana mmoja pale juu mwenye sauti na heshima. Njia ya kutokea ibaki wazi muda wote. Na mabanda yako nayo angalia yasiwe ya zege ndani ya zile mita 60, makuti na nguzo ni kitu kimoja, msingi wa zege ni kitu kingine na NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa serikali, wakija hutakuwa na la kusema.

Mimi niko Florida miaka tisa sasa, huku kuna Daytona Beach magari yanaingia mchangani kabisa na watu wana raha zao. Kwanini nyumbani tunapenda kukataza kila kitu badala ya kusimamia? – Mbongo wa Florida

Ndugu yangu swali lako ni zuri na sitalikwepa. Ni kweli Daytona magari yanaingia, ila ulivyoandika umeacha nusu ya picha. Unalipa getini, njia ya magari imewekewa alama, mwendo mwisho maili 10 kwa saa yaani kama kilomita 16, taa zinawashwa na vioo vinashushwa ili dereva asikie watu, usiku hakuna kuingia, na viota vya kasa vimezungushiwa vigingi. Hayo hayakuja kwa hiari, 1995 kaunti yao ilishtakiwa mahakamani kwa ajili ya magari na taa za ufukweni, na kwenye kesi hiyo kasa mwenyewe alitajwa kama mlalamikaji. Mahakama ikawazuia magari usiku.

Na mchanga wa kule ni mpana na umeshindiliwa mgumu, mashindano ya magari yalifanyika palepale tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na maji yao hayapandi kama ya kwetu. Huku kwetu sehemu nyingi ufukwe ni kipande chembamba, maji yakijaa hubakiwi hata na uchochoro, na hicho kipande ndo hapohapo kuna ngalawa zimelazwa, nyavu zimeanikwa, dagaa zimetandazwa. Gari lipite wapi? Ukitaka mfano wa karibu waangalie Afrika Kusini, wao tangu mwanzoni mwa 2002 magari ya starehe yamepigwa marufuku ufukweni nchi nzima, boti zinashushwa sehemu maalum zilizopewa leseni, na ndege fulani mweusi wa pwani yao anayetaga mchangani ambaye alikuwa anapungua akaanza kuongezeka tena. Kukataza nako ni kusimamia, ilimradi njia ya miguu iwe wazi na paking iwepo. Ukikataza bila kuwapa watu pa kuacha gari hapo nitakubaliana na wewe moja kwa moja.

Dada mie nalima mwani Jambiani. Maji yakitoka vijana wanapita na pikipiki na zile za matairi manne za wageni mpaka ndani kabisa, wanakata kamba zetu na vijiti wanavunja, ukisema wanakwambia bahari haina mwenyewe. Nimechoka. – Mkulima wa mwani, Jambiani

Pole sana bibie, na mwani wenyewe bei unaijua wewe kuliko mimi, kamba moja ikikatwa ni wiki sita za mgongo wako zimekwenda na maji. Na kinachoniudhi ni kwamba hao wanapita kwenye bamvua, maji yanapotoka mbali, siku zilezile ambazo nyie ndo mnaweza kufika shambani kufunga na kuvuna. Watu wa Paje na Jambiani mlianza kulima mwani tangu 1989, hata huyo kijana wa pikipiki yawezekana amelipiwa daftari za shule na mwani wa mama yake.

Nenda kwa sheha mkiwa wengi, siyo wewe peke yako, na muombe kikao kimoja na kamati ya wavuvi ya shehia, wenye kukodisha hizo pikipiki na mahoteli yanayoleta wageni. Msiende na malalamiko matupu, nendeni na pendekezo. Wekeni alama kwenye mipaka ya mashamba, chupa za rangi kwenye vijiti virefu zinazoonekana hata mgeni aliyefika jana, na mpange kipito kimoja tu cha kutoka nchi kavu mpaka kwenye maji, hicho kitumike na wavuvi na wanaobeba magunia ya mwani kwa mkokoteni. Pikipiki za kutembeza wageni zibaki juu barabarani. Na iandikwe kwamba aliyekata kamba analipa, kamba kwa bei ya kamba na mwani kwa bei ya kilo, anayewajibika ni mwenye pikipiki, siyo mgeni ambaye kesho anapanda ndege. Mwenye pikipiki akishalipa mara moja atamfundisha dereva wake mwenyewe. Niandikie ikishafanyika, au isipofanyika.

Shikamoo shangazi. Mimi nasoma darasa la sita Mafia. Asubuhi nikienda kwa babu niliona alama za tairi la trekta zimetoka baharini zikapanda mpaka kwenye majani alafu zikarudi baharini. Babu anasema hakuna trekta. Nani anaendesha gari usiku? – Mwanafunzi, Mafia

Marahaba mwanangu. Babu yako yuko sahihi. Trekta haliwezi kutoka baharini, na hizo alama pana karibu mita moja zenye michirizi kushoto na kulia na mstari katikati ni za kasa. Alipanda usiku mama mmoja mzito sana, akajivuta kwa mapezi yake, akachimba shimo, akataga mayai labda 100 na zaidi kidogo, akafukia, akarudi majini kabla hujaamka.

Sasa wewe na babu mna kazi. Msichimbe na msikanyage pale alama zinapoishia, na wala msizungumze kwa watu wengi, kuna wanaotafuta mayai. Mwambie babu awaambie watu wa hifadhi ya bahari hapo Mafia waje waweke alama zao, na kama kuna mtu anapitisha pikipiki au gari hapo chini muombeni apite juu, kwa sababu tairi likipita juu ya kiota linashindilia mchanga na watoto wanashindwa kutoka, na hata wakitoka, ule mfereji wa tairi kwao ni kama korongo, wanaingia wanaufuata huku na huku mpaka kaa na ndege wanawamaliza.

Chukua daftari andika tarehe ya siku uliyoziona hizo alama, alafu hesabu siku 50. Kuanzia hapo kila jioni kabla giza halijaingia pita na babu msawazishe mchanga kwa ufagio wa makuti kutoka kwenye kiota mpaka majini, mfute nyayo zenu na michirizi yote ya matairi, na usiku taa za upande huo zizimwe. Zinaweza kufika siku 60 na kitu kabla hawajatoka, usichoke kusubiri.